Risala ya Wafumaji kwa Mgeni Rasmi: Mshono wa Brioshi kwa Anayeanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kikundi, walimu, wafumaji wenzetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika maonyesho yetu ya ufumaji. Tumeona risala hii tuitumie kueleza mshono mmoja unaowatoa jasho wanaoanza, yaani brioshi, kwa kuwa maombi yetu yanatoka humo humo.

Mheshimiwa, kitambaa cha brioshi ni kinene, kina mbavu pande zote mbili na kinavutika sana. Siri yake ni uzi unaolazwa juu ya kitanzi ambacho hakijafumwa. Darasani uzi huo tunauita mtandio. Kitanzi na mtandio wake hufumwa kama kitu kimoja, na karibu kila kosa la anayeanza hutokana na kuvitenganisha.

Kipande cha mazoezi huanza na vitanzi 24, vilivyoanzishwa kwa ulegevu. Mstari wa kwanza ni wa maandalizi: leta uzi mbele, hamisha kitanzi kimoja kwenda sindano ya kulia bila kukifuma wala kukipinda, pitisha uzi juu ya sindano kwenda nyuma ili ulale juu ya kitanzi hicho, kisha fuma kitanzi kinachofuata kwa mshono wa kawaida. Rudia hadi mwisho. Kuanzia mstari wa pili, kitanzi kilicho peke yake ndicho kinachohamishwa na kuvishwa mtandio, na chenye mtandio hufumwa pamoja nao kwa mara moja. Mistari yote inayobaki ni hivyo hivyo.

Hapo kuna hesabu inayookoa kazi. Kila mstari ukiisha, sindano iwe na nyuzi 36: vitanzi 24 na mitandio 12. Zikizidi, kuna mahali kitanzi kimefumwa na mtandio wake ukaachwa. Zikipungua, huenda mtandio ulisahaulika. Tazama kando ya kitanzi kilichohamishwa, utauona uzi umelala mlalo. Unyanyue kwa ncha ya sindano, uulaze juu ya kitanzi chake, kazi iendelee. Tena, kila mstari unapoanza, kitanzi cha kwanza kiwe peke yake na cha mwisho kiwe na mtandio. Kinyume cha hapo, usiendelee.

Kufumua ndiko kugumu zaidi, maana sindano ikichomoka, mtandio na kitanzi huonekana kama mabua mawili yasiyojuana. Kwa hiyo kila baada ya mistari 10 pitisha uzi mwembamba wa pamba, wa rangi tofauti, ndani ya nyuzi zote 36 kwa sindano butu ya kushonea. Ukiharibu, utafumua hadi hapo tu.

Wapo wanaolalamika kwamba wamefuma mistari 40 na kitambaa hakikui. Hawajakosea. Kila mstari hufuma nusu tu ya vitanzi, kwa hiyo mistari 40 huonekana kama 20. Ndiyo maana pia mshono huu unakula uzi mwingi kuliko ufumaji wa kawaida. Na kwa kuwa kitambaa hulegea, tumia sindano ndogo kwa saizi moja au mbili: uzi unaofumwa kwa milimita 5, hapa ufumwe kwa milimita 4. Wakati wa kufunga vitanzi mwishoni mwa kazi, rudi kwenye sindano kubwa. Kitanzi kilicho peke yake kifumwe kinyume, yaani uzi ukiwa mbele ya kazi, chenye mtandio kifumwe pamoja nao. Ukingo uliobanwa huua mvutiko wote.

Rangi mbili zisubiri. Huko kila mstari hupitiwa mara mbili, mara moja kwa kila rangi, na kazi husukumwa hadi ncha ya pili bila kugeuzwa, jambo lisilowezekana kwa sindano zenye kichwa upande mmoja.

Mheshimiwa, kutokana na hayo tunaomba mambo mawili: uzi wa sufu wa unene wa kati, wenye rangi nyepesi, kwani kwenye uzi mweusi mtandio hauonekani kabisa na pamba laini hulegea kwa uzito wake, na sindano za duara, yaani zilizounganishwa kwa kamba na zenye ncha pande zote mbili, za milimita 4 na 5.

Vipande viwili viko mezani mbele yako. Kimoja kina mtandio ulioachwa kwenye mstari wa 14. Tunakuomba ukivute kwa upana, utauona.

Tunaomba kuwasilisha.