Yoga isimnyang'anye mgonjwa wa pumu inhela yake

Mhariri,

Siku hizi mwenye pumu hakosi mtu wa kumwambia aache dawa akafanye yoga, eti mapafu yatazibuka yenyewe. Tunaoifahamu yoga na tunaoifahamu pumu tunaomba nafasi katika safu yako, maana ushauri huo unachanganya mambo mawili.

Pumu ni uvimbe wa muda mrefu ndani ya njia za hewa. Kwa sababu ya uvimbe huo, misuli inayozizunguka njia hizo hukaza upesi ikikutana na vumbi, moshi au baridi, na makohozi huzidi. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kinga yenye steroidi, kama budesonide au beclometasone, inayovutwa kwa ratiba ya daktari hata siku ambazo kifua ni chepesi. Yoga haiufikii. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 15 yenye washiriki 1,048, yaliona nafuu ndogo ya dalili na ya maisha ya kila siku. Kuhusu uwezo wa mapafu, matokeo hayakueleweka vizuri. Nafuu ndogo nayo ni nafuu, lakini inakuja juu ya dawa, si badala yake.

Na nafuu hiyo huenda inatokana zaidi na kupumua kuliko kujikunja. Kifua kikibana, mgonjwa huvuta pumzi nyingine kabla ya ile ya kwanza kutoka yote. Hewa inanasa ndani, kifua kinajaa, naye akidhani amepungukiwa hewa anazidi kuvuta. Kwa hiyo cha kufundishwa kwanza ni kutoa pumzi. Kaa wima, legeza mabega, weka mkono mmoja kifuani na mwingine juu kidogo ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 2 au 3. Mkono wa tumboni ndio unaoinuka, wa kifuani utulie. Toa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai, ukihesabu hadi 4 au 6. Usisukume: nguvu nyingi huzibana njia ndogo za hewa na kunasisha hewa zaidi. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha kuanzia. Kizunguzungu au ganzi vidoleni ni dalili kwamba umepumua kupita kiasi na kaboni dioksidi imepungua mwilini. Acha, rudi kwenye pumzi zako za kawaida.

Kapalabhati na bhastrika, zile pumzi za haraka haraka ambazo baadhi ya walimu huzipenda mno, tunawaomba wenye pumu waziache. Hewa inayopita kwa kasi hukausha na kupoza njia za hewa, na hapo misuli hukaza. Kubana pumzi kwa muda mrefu nako hakufai. Mikao ya kichwa chini huwasumbua wenye kiungulia, kwani tindikali ikipanda hukichokoza kifua. Halafu kuna ubani! Darasa la kupumua lililojaa moshi ni kichekesho, na mkeka wa pamoja uliojaa vumbi hauko mbali nalo.

Ambaye mazoezi humbana kifua, na daktari amemwelekeza hivyo, avute dawa ya kutuliza, ile inayofungua njia za hewa haraka na si ile ya kinga, dakika 10 hadi 15 kabla, kisha apashe mwili moto taratibu. Asiharakishe kuondoka pia, kwa sababu mbano mara nyingi huja dakika chache baada ya kumaliza. Mwenye kipima kasi ya pumzi apulize mara 3 na kuandika namba iliyo kubwa. Ikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake bora, siku hiyo si ya darasa; chini ya 50 ni dharura.

Kupunguza dozi ni kazi ya daktari, na kwa kawaida hilo hufikiriwa baada ya pumu kutulia kwa miezi 2 hadi 3. Mwalimu wa yoga hana mamlaka hayo, awe na vyeti vingapi.

Shambulio likianza, zoezi lolote lisimame. Mgonjwa akae wima, asilazwe, avute dawa ya kutuliza mpulizo mmoja mmoja, ikiwezekana kwa spesa, ile chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au dawa isipomsaidia, apelekwe hospitali mara moja, huku akiendelea kuivuta njiani.

Ni sisi wasomaji wako.