Figo za aliyekufa kwa moto zisipitwe kando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo ripoti nyingi za uchunguzi wa maiti hulitaja kwa mstari mmoja tu. Mtu akifariki siku kadhaa baada ya kuungua, ngozi huelezwa kwa kirefu, ilhali figo, ambazo huenda ndizo zilizotangulia kushindwa kazi, huandikwa kuwa zimevimba, basi.

Mwili ukiungua eneo kubwa, majimaji ya damu huvuja kutoka mishipani, shinikizo hushuka, na figo, zilizozoea kupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, hupungukiwa mapema. Zinazoumia zaidi ni seli zinazotanda ndani ya mirija yake: kwa darubini huonekana zimepoteza viini, zimebanduka na kuziba njia ya mkojo. Aliyeunguzwa na umeme huongezewa balaa la pili, kwani misuli iliyoharibika humwaga mayoglobini, yaani protini ya misuli inayohifadhi oksijeni, ambayo hugandamana katika mirija hiyo hiyo na kuufanya mkojo uwe wa kahawia iliyokolea. Anayefariki baadaye huenda ameponzwa na maambukizi yaliyoenea kwenye damu, au hata na dawa ya kuua bakteria kama gentamisini, ambayo nayo hudhuru figo.

Kwa hiyo ripoti isiyosema marehemu aliishi saa ngapi baada ya kuungua haina manufaa makubwa. Aliyefia papo hapo hakupata muda wa kuonyesha mabadiliko hayo.

Upo mtego pia. Seli za mirija ni miongoni mwa zinazowahi kuoza, na kuoza huko hufanana na uharibifu niliousema, hivyo maiti iliyocheleweshwa huweza kumdanganya hata daktari mzoefu. Kinachosaidia ni kutafuta kisichoweza kutokea baada ya kifo, yaani seli changa zinazogawanyika ili kuziba pengo la zilizokufa.

Ninachoomba ni kwamba kipande cha figo kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, mapema iwezekanavyo, na kiambatane na chati ya mkojo ya kila saa kutoka wodini. Kwa mtu mzima hulengwa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Chati ikionyesha chini ya hapo tangu saa za mwanzo, nayo mirija ikaonekana imekufa, waliomtibu watakuwa na sababu ya kujiuliza kama dripu iliwahi na kama ilitosha.

Msomaji wako,
Daktari wa patholojia