Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA): tunaomba wiki moja ya rekodi za rada

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Rada za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe zipo. Kinachofuata, na sidhani wauzaji watachelewa kukubishia hodi, ni programu ya kutafuta jinsi ya kuachanisha ndege zinazoelekea kugongana. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, si mwongoza ndege, kwa hiyo nitasema ya upande wangu.

Jeti mbili zinaelekeana katika kimo kimoja, kila moja kwa kasi ya noti 450, yaani maili 450 za baharini kwa saa. Zikiwa maili 60 za baharini mbalimbali, zinakaribiana maili 15 kila dakika. Zisipoachana kwa futi 1,000 kwenda juu, lazima zibaki na maili 5 kati yao. Mwongoza ndege ana dakika tatu na ushei za kuwaza, kutoa amri redioni, kumsikia rubani akiirudia, na kusubiri ndege igeuke. Kwa ndege mbili, mtu mzoefu hahitaji kompyuta.

Kazi huja ndege zikiwa nyingi. Tuseme kila ndege ina chaguo 7: iendelee ilivyo, ipinde kushoto, ipinde kulia, ipande, ishuke, iongeze kasi au ipunguze. Ndege 2 zina michanganyiko 49. Ndege 10 zina 282,475,249, na hapo hatujauliza amri itolewe sekunde gani. Hakuna anayekagua yote. Algorithimu (utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta hufuata kutafuta jibu) ya A*, iliyochapishwa mwaka 1968, hukisia gharama iliyobaki na kufuata kwanza njia inayoonekana nafuu. Kisio lisipozidi gharama halisi, jibu lake ni bora kwa hakika, ila huenda likachelewa. Algorithimu za kijenetiki huzalisha majibu mengi, huyachuja na kuyachanganya; huwahi, lakini haziapi kwamba hakuna jibu bora zaidi. Muuzaji akikuambia yake ina sifa zote mbili, mwombe aioneshe ikiwa na ndege 30.

Swali zito zaidi ni gharama ipimwe kwa kitu gani. Mafuta? Dakika za kuchelewa? Kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, ndege ndogo za injini moja hupita karibu na jeti zinazoshuka kutua, na kasi zao haziko hata karibu. Programu iliyozoea jeti za Ulaya zilizo juu sana, zenye kasi zinazolingana, inaweza kutoa jibu sahihi kwenye karatasi lenye amri sita mfululizo. Masafa ya redio ni mamoja, na anayeongea ni mmoja kwa wakati. Mimi ningeanza kwa kuhesabu amri, mafuta baadaye.

Kisha kuna suala la nani asikilizwe. Usiku wa Julai 1, 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, TCAS, mtambo wa ndani ya ndege unaozuia migongano, uliiamuru ndege ya abiria aina ya Tupolev ipande huku mwongoza ndege wa Zurich, aliyekuwa peke yake kwenye vituo viwili vya kazi, akiiamuru ishuke. Rubani alimtii binadamu. Boeing ya mizigo, ikitii TCAS yake, nayo ilikuwa inashuka. Watu 71 walikufa. Baadaye ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ilisisitiza kwamba amri ya TCAS ndiyo ifuatwe. Programu mpya italeta sauti ya tatu, kwa hiyo cheo chake kiandikwe kwenye kanuni kabla haijawashwa, na itoe mapendekezo mawili au matatu yenye sababu, mwongoza ndege achague.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya zabuni yoyote, toeni kwa vyuo vikuu vyetu na kwa chuo chenu cha usafiri wa anga rekodi za rada za wiki moja: mahali, kimo, kasi na saa ya kila ndege, majina ya mashirika na namba za safari vikiwa vimefutwa. Wanafunzi wazijaribu algorithimu kwenye anga letu lenyewe, waongoza ndege wenu wakae nao wayakatae majibu ya ovyo, na orodha ya yaliyokataliwa apewe kila muuzaji atakayekuja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sayansi ya kompyuta, Dar es Salaam