Wasioweza kusema nao huwasiliana

Mhariri,

Inasikitisha kusikia, hata kwa wahudumu wa afya, kwamba mtu mwenye ulemavu mkubwa wa akili haelewi chochote. Mtu huyo huwasiliana kwa kukaza mwili, kugeuza macho, kubadili pumzi au kutoa sauti. Na kwa kuwa ishara hizo hutofautiana baina ya mtu na mtu, na hata mlezi wa karibu aweza kuzikosea, ziandikwe katika daftari ambalo kila mhudumu mpya atalisoma kabla ya kumgusa. Apewe pia muda, maana jibu lake huweza kuchelewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unatambua mawasiliano ya mguso na njia mbadala. Hospitali zianze na ishara za maumivu, ambazo mara nyingi hudhaniwa kuwa ukaidi.

Msomaji wako