Vijana wa field wapewe spana, sio ufagio

Mhariri, habari za kazi. Mi ni fundi wa malori hapa Mwanjelwa, Mbeya, huu mwaka wa 19 niko gereji, naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu pamoja na walimu wa vyuo vya ufundi vya hapa jijini maana kuna jambo linaniuma sana.

Kila mwaka vijana wa chuo wanakuja kwetu field, wana barua, wana logbuku, ovaroli bado mpya, sasa sisi tunawafanyia nini? Tunawatuma chai, wanafagia, wanaosha vyuma kwa dizeli mpaka siku zao zinaisha tunawagongea muhuri waende. Hata mimi nimefanya hivyo, sisemi uongo. Mwaka juzi alikuja binti mmoja nikamweka stoo ahesabu nati, nikiamini lori hataliweza. Wiki ya tano ikaja gari ya mteja imewasha taa ya injini na haina nguvu mlimani, tukahangaika nayo siku mbili, filta tumebadilisha, pampu tumefungua, wapi! Yule binti akaja akasema shikamoo fundi, naomba nipime waya za sensa. Akachukua mita akapima mmoja mmoja akakuta waya umechubuka unagusa fremu, dakika 40 hazikufika. Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa nawakumbuka wote niliowapa ufagio kabla yake.

Wengi wetu tumejifunzia mtaani, unaanza spana boi unakua fundi, wachache ndo walifanya zile trade test, mitihani ya serikali ya ufundi, za daraja la tatu mpaka la kwanza ambazo siku hizi ni NVA, yaani tuzo za taifa za ufundi stadi. Mikono tunayo, ila malori ya sasa umeme umejaa kila mahali na mchoro wa umeme hatuusomi. Hawa vijana wanausoma, lakini ukiwauliza slaki ajasta, kile kifaa cha kurekebisha nafasi ya brek, ikikaa vibaya brek inafanyaje gari likiwa na mzigo hawajaona, na watajulia wapi kama sisi tunawaficha? Gari likitoka hapa kwenda Tunduma linashuka Iwambi na tani 30, ule mteremko kila mtu wa Mbeya anaujua na misiba yake anaijua, kwa hiyo kijana asiyeshikishwa brek leo kesho anakuja kuifunga peke yake na kuna dereva na tanboi watapanda hiyo gari.

Walimu na nyie msiishie kusaini logbuku juu ya boneti mkaondoka, kaeni hata nusu siku muone kijana anafanya nini, mkikuta anafagia tu muhamisheni. Halafu tunaomba masomo ya jioni ya umeme wa magari kwa sisi tulio kazini, saa kumi na moja tukishafunga. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria tangu 1994 na ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi wa mtaani anapimwa anapewa cheti, ni mzuri kabisa, ila cheti kinathibitisha ninachokijua tayari, mi nataka nisichokijua.

Gereji yangu inaweza kuchukua wawili field ijayo, awe wa kike awe wa kiume, brek watafungua wiki ya kwanza nikiwa nimesimama pembeni.

Fundi malori,
Mwanjelwa, Mbeya