Usipande ndege siku ya tano

Barani, Malindi
Jumapili usiku

Kwako Mwanaidi ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana, Baba mguu umepata nafuu na ameanza tena kwenda msikitini kwa miguu yake, na Swabra bado anaisubiri ile halua uliyomwahidi. Kila basi la Lamu likiingia anauliza. Salamu nyingine tutazimalizia siku nyingine, maana ule ujumbe wako wa sauti wa jana umeninyima usingizi. Nimeona heri niandike. Kwenye simu utanikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika.

Umesema umeshalipa arubuni ya Istanbul ya kukazwa tumbo, ukifika utapasuliwa Jumatatu, na Jumamosi yake upo ndegeni unarudi kwa watoto. Siku tano! Nimeurudia ujumbe nikidhani nimesikia vibaya.

Sikuandikii kukukataza, Mwanaidi. Tumbo ni lako, na mimi ndiye niliyekushika mkono walipozaliwa wale pacha. Najua misuli ilivyoachana hapo katikati, najua na mazoezi uliyofanya kila alfajiri bila kuona mabadiliko. Yale maneno waliyoyasema kwa Zuhura niliyasikia kwa masikio yangu, na yaliniuma kama yaliyosemwa kwangu. Upande wa dini, wa kumuuliza yuko hapo hapo Lamu, na atakujibu kwa ilimu. Shida yangu ni hizo siku tano, na kwenda peke yako.

Huu si upasuaji mdogo, hata kama huyo wakala anayekupangia safari anauita hivyo. Watakukata chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, ngozi iinuliwe mpaka karibu na mbavu, misuli ishonwe irudi pamoja, ngozi ya ziada ikatwe, na kitovu kitobolewe nafasi mpya. Utakuwa kwenye usingizi wa dawa saa kadhaa. Mshono wenyewe unapita ule ulipozaa kwa kisu mara ya kwanza, na ule wa kisu unakumbuka ulivyokulaza.

Sasa hatari kubwa si maumivu. Ni damu kuganda miguuni. Mtu aliyepasuliwa hatembei vizuri, damu inakaa miguuni, na mwili wenyewe uko katika hali ya kugandisha damu ili jeraha lipone. Ukimkalisha mtu huyo kwenye kiti cha ndege saa sita au saba, kama ilivyo Istanbul hadi Nairobi, unaongeza hatari juu ya hatari. Bonge la damu hiyo likichomoka mguuni linakwenda mapafuni, na hapo angani nani atakusaidia? Chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kinashauri aliyekazwa tumbo asipande ndege mpaka zipite siku 7 hadi 10. Wamarekani wa CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, wanasema siku 10 kwa upasuaji wa tumbo au kifua. Hizo ni siku za mtu ambaye mambo yake yamekwenda sawa. Nawe unaniambia tano.

Nilikaa na Batuli Mumbai alipokwenda kukazwa tumbo, unajua. Sikuwahi kukusimulia yote kwa sababu alikuwa hataki isemwe, lakini juzi nilimuomba ruhusa akasema wewe nikuambie. Alitoka chumba cha upasuaji na mirija miwili imetokea chini ya mshono, mmoja kila upande, na mwisho wa kila mrija kichupa laini cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja. Muuguzi alinifundisha: unafungua kizibo, unamimina maji yake kwenye kikombe chenye vipimo, unaandika saa na mililita, halafu unakibonyeza kichupa mpaka hewa yote itoke na kukifunga kikiwa bado kimebonyea, kisha ukiachie kivute. Asubuhi na jioni. Siku za mwanzo ilikuwa damu, baadaye rangi ya waridi, kisha manjano hafifu ya majimaji. Daktari hakuutoa mrija mpaka usome chini ya mililita 30 kwa siku nzima. Wa kulia ulitoka mapema. Wa kushoto ulikataa kupungua, na mimi nilikuwa nikiutazama ule mstari wa kikombe nikisoma kila dua ninayoijua.

Ungekuwa na tikiti ya siku ya tano, ungepanda ndege na mrija ubavuni?

Na hata ulipotoka, hayakuisha. Maji yalijikusanya tena chini ya kitovu. Ukigusa unaona yanacheza chini ya ngozi. Daktari aliyavuta kwa sindano, na Batuli hakusikia kitu kwa sababu ngozi ya hapo ilikuwa bado imekufa ganzi. Lilikuwa jambo la dakika chache, lakini dakika chache kwa sababu aliyemshona alikuwa yuko mle mle. Kama tungekuwa tumesharudi, ningempeleka Mombasa, kilomita 120 za barabara, kwa daktari asiyejua ndani palifanywa nini. Wewe wa Lamu ungeanza na bahari kwanza.

Tena tufikirie hiyo safari ya kurudi. Uwanja wa Istanbul peke yake unatembea mpaka unachoka na uzima wako. Halafu Nairobi, halafu ndege ndogo mpaka Manda, halafu boti. Batuli wiki ya kwanza alitembea ameinama kiunoni, hakuweza kunyooka, maana ngozi imevutwa. Wewe utainama hivyo ukishuka kwenye boti, na maji yakiwa yametoka, zile ngazi za chini za gati zina utelezi. Ukifika nyumbani chumba chako kiko juu, ngazi zenyewe nyembamba na zimesimama. Choo ni cha kuchuchumaa. Sijui kama umeyawaza haya. Na pacha watakapokukimbilia, utawaambia nini? Usinyanyue kitu kizito wiki sita, ndivyo alivyoambiwa Batuli. Hata ndoo ya maji hakushika. Kuswali aliswali kwenye kiti.

Sisi tulilelewa tukiona mzazi anafungwa mkaja, anakandwa maji moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, na hagusi kazi mpaka arubaini iishe. Huyu aliyepasuliwa naye anafungwa mkanda wa kubana usiku na mchana kwa wiki kadhaa, na anahitaji watu vile vile. Mbona uzazi wote ulikuwa na watu nyumba nzima, na hili unataka ulifanye katika chumba cha hoteli, na mtu wa kukuletea chakula akibisha mlango na kuondoka?

Nije kwenye lile jingine, ulilolitaja upesi upesi mwishoni ukidhani sitalisikia. Kwamba wakala amekupunguzia bei ukikubali watoe mafuta kiunoni wayaweke makalioni. Mwanaidi, hilo nakuomba uliache. Kwa hilo sisemi uchelewe, nasema uliache kabisa. Makalioni kuna mishipa mikubwa ya damu, na mafuta yakipigwa ndani ya msuli huweza kuingia kwenye mishipa hiyo na kwenda moja kwa moja moyoni na mapafuni. Watu wamefia mezani. Kuna wakati vyama vya madaktari hao vilikadiria kifo 1 katika kila upasuaji 3,000 wa aina hiyo, na mwaka 2018 kile chama cha Uingereza kiliwaambia wanachama wake wauache. Na kuna hili dogo ambalo hakuna aliyekueleza: aliyekazwa tumbo hulala chali, mito mgongoni na chini ya magoti. Aliyeongezwa makalio haruhusiwi kuyakalia wala kuyalalia wiki mbili na zaidi, hulala kifudifudi. Wewe utalala vipi? Na kwenye ndege utakaa juu ya nini?

Nilisoma pia kuhusu Jamhuri ya Dominika, wanakokwenda Wamarekani wengi kwa sababu ya bei. Kati ya 2009 na 2022, Wamarekani 93 walifariki baada ya upasuaji wa urembo huko. Waliochunguzwa wengi wao ilikuwa ni mafuta au damu iliyoganda iliyoingia mapafuni. Wengi walikuwa wamefanyiwa sehemu kadhaa kwa pamoja. Sisemi Uturuki ni Dominika. Batuli amerudi mzima na ana furaha, na Uturuki pia wapo waliorudi wazima. Ila kile kifurushi cha "fanya viwili kwa bei ya kimoja" kila ninapokifikiria roho inanidunda.

Halafu sikio lako. Umesahau ulipotoboa tundu la pili kwa Mama Fatu, kovu likafura mpaka ukaacha kuvaa herini? Ngozi inayofanya hivyo sikioni inaweza kufanya hivyo tumboni, kutoka nyonga hadi nyonga. Daktari lazima alijue hilo kabla hajashika kisu. Umemwambia? Au umezungumza na wakala tu?

Ninavyoona, hujazungumza na daktari hata mara moja. Picha umemtumia wakala, bei amekupa wakala, tarehe amepanga wakala. Muombe jina kamili la atakayekupasua, maana jina la kliniki peke yake halitoshi. Chama cha kimataifa cha madaktari hao, ISAPS, kinaweka majina ya wanachama wake mtandaoni, mtu anatafuta mwenyewe. Na Uturuki, Wizara ya Afya hutoa kibali maalumu kwa hospitali na mawakala wanaohudumia wageni. Waambie wakuonyeshe chao. Wakianza kuzunguka, umeshapata jibu. Uulize pia kama jengo lenyewe lina chumba cha wagonjwa mahututi, na kama ikibidi urudishwe mezani gharama ni ya nani. Hili la mwisho walitaka kutuchezea Mumbai, dalali mmoja aliyetupokea, mpaka Batuli akadai liandikwe. Na usiondoke huko bila karatasi ya Kiingereza inayoeleza kilichofanywa na dawa ulizopewa, na hapa uwe umeshampata daktari Nairobi au Mombasa aliyekubali kukupokea.

Najua haraka yako. Harusi ya binti Zuhura. Lakini uvimbe hauishi kwa mwezi, unapungua pole pole miezi mitatu hata sita, na kovu huchukua mwaka kutulia. Hata ukipasuliwa kesho, harusini utakuwa bado na mkanda ndani ya nguo, huwezi kusimama kucheza lelemama. Basi kwa nini ukimbizane? Ngoja harusi ipite, ule biriani kwa raha zako, kisha twende.

Nimesema twende. Mimi nitakuja nawe. Nimeshazungumza na mume wangu, amekubali, na Mama atakaa na Swabra. Tikiti yangu nitajilipia. Chumba tupange karibu na hospitali, si huko penye mandhari, na tukae wiki mbili au zaidi, mpaka daktari mwenyewe atuandikie kwamba unaweza kuruka. Ukirudi ushukie hapa kwanza, nyumba ni ya chini, choo ni cha kukaa, na pacha wataletwa na Bi Mkubwa wakuone.

Sasa nijibu. Arubuni inarudishwa ukibadilisha tarehe, au wanasogeza tu? Vile vidonge vyako vya kupanga uzazi ni vya aina gani, maana vyenye estrojeni navyo huongeza kuganda kwa damu, umemtajia mtu? Damu yako ulipimwa lini mara ya mwisho, si ulikuwa na upungufu? Pacha umewaachisha ziwa kabisa? Abdalla anajua ni siku ngapi, au umemwambia unakwenda Nairobi? Na lile la makalio, lilikuwa wazo lako au la wakala?

Usimtumie salio kabla hatujazungumza. Batuli amesema umpigie, yuko nyumbani kila siku baada ya adhuhuri, na picha za mshono wake atakuonyesha tangu wa wiki ya kwanza hadi wa sasa.

Nduguyo akupendaye,
Salma