Mbona kijana wa simu alimaliza kwa nusu saa?

Wiki iliyopita mteja alipiga simu akisema tumemlangua. Ana nyumba ya enzi za Mjerumani, kuta za mawe, na anataka michoro kabla ya ukarabati. Kijana mmoja aliizunguka na simu yenye leza kwa nusu saa. Sisi, tunaopima majengo kwa skana ya leza, tumetaka siku mbili. "Si leza ileile?"

Leza ya simu inafika kama mita 5 tu, na simu yenyewe inakisia ilipo kadiri unavyotembea. Kosa la chumba cha kwanza linahamia cha pili, na cha tatu kinarithi yote mawili.

Skana yetu ya miguu mitatu ikisimama, ukuta ulio mita 10 inaupima kwa kosa la milimita chache. Ila milimita hizo ni za kituo kimoja, yaani mahali pamoja skana iliposimama. Nyumba ile ina vituo kama thelathini, na ukivishikiza kimoja kwa kingine bila kurudi ulikoanzia, makosa yanalundikana. Ndiyo maana tunabandika shabaha (alama za kulengea), tunazipima kwa totali stesheni, kifaa cha kupimia pembe na umbali, tunaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma mpaka mzunguko ufunge, yaani vipimo virudi tulikoanzia. Kazi hiyo ndiyo inayokula siku, na ndiyo mnayotuomba tuiruke ili bei ishuke.

Tuliwahi kuiruka, Kondoa, kwenye jengo refu la vyumba tisa. Skana haioni ndani ya ukuta. Unene unaupata kwa kukutanisha sura ya ndani na ya nje. Mchoro ukatoka na ukuta wa sentimita 52 mwisho mmoja, 41 mwisho mwingine. Seremala akaranda fremu za mninga za kujaza unene huo. Saba hazikukaa. Tukarudi na tepu, dirisha kwa dirisha: 48, 48, 47. Nusu ya mbao tulilipa sisi, na bei ya mninga mnaijua.

Mengine hata siku mbili haziyamalizi. Dari la jiko lenye masizi linameza mwanga, na kwenye kingo za milango nukta za vipimo vya skana huelea hewani, pasipo na kitu. Hizo tunazifuta kwa mkono, ofisini. Upepo wa Dodoma ukianza kubeba vumbi tunafunika skana na kusubiri, kwa gharama yetu.

Tukija, tuachieni funguo za vyumba vyote, na stoo pia. Stoo iliyofungwa ndiyo huwa katikati ya mzunguko.